Inua Kidevu

Miaka ishirini na saba nimesema maneno mawili
nyuma ya pazia la bluu, hatua chache kutoka Jumba la Nyayo:
inua kidevu.
Nimewaambia watafuta pasipoti, waliopoteza vitambulisho,
mlinzi aliyehitaji cheti cha mwenendo mwema.
Huinua. Mwanga huingia chini ya taya,
kivuli hukimbia, nami hubonyeza.

Jana kaja Kalekye, karani wa sacco ya walimu,
kajifunga mtandio hadi masikioni katika jua la Januari.
Nikadhani jino.
Akaufungua: ukanda wa mpira, rangi ya mchanga,
umemkaza taya kama kifuniko cha sufuria iliyopinda.
"Nimetoa," akasema.
Nikauliza umetoa nini, kama mjinga.
"Kile cha pili."

Ni Hurlingham, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani.
Daktari, kijana wa mikono baridi,
alimchora kwa kalamu ya zambarau
kama fundi anavyochora kola kabla ya mkasi.
Akamdunga ganzi, akamjaza maji shingoni
("Nikavimba, Baba Mwende, kama chura wa Aprili"),
kisha vitundu vitatu: kimoja chini ya kidevu,
viwili nyuma ya ndewe, penye kivuli cha herini.
Mrija mwembamba ukaenda na kurudi,
ukaenda na kurudi,
naye yu macho, redio ikitaja bei ya unga.
Hakuumia. Alisikia mkwaruzo tu,
kama mtu anayekwangua ukoko wa wali
nyumba ya jirani.

Akaonyeshwa chupa. Mafuta ya manjano,
vijiko vinne, labda vitano.
"Ndiyo yote?"
"Ndiyo yote. Kukaa nyuma katika kila picha ya harusi,
kujishika shavu kama mwenye mawazo,
hiyo mikutano ya kompyuta, kamera inakutazama kutoka chini
kama mdai aliyeketi mlangoni,
yote ni vijiko vitano. Ungekaangia yai."
Akacheka, akajishika: kucheka bado kunavuta.

Anataka picha mpya ya kitambulisho.
Lakini kwanza, akasema, nitafutie ya mama.

Nina kabati la negativu ambalo mke wangu hulionea haya.
Nilimpata Syombua chini ya rundo la mwaka ule wa mvua nyingi,
kwenye kigoda hikihiki, kidevu kimejikunja mara mbili
juu ya kola ya kanisani.
Nilimwambia inua. Akakataa.
"Hicho unachotaka niinue," alisema,
"nimekilisha mwenyewe."
Picha hiyohiyo ndiyo iliyokuzwa, ikatangulia jeneza.

Kalekye akaishika kwenye dirisha, kwa ncha za vidole.
Mkono mwingine ukapapasa utaya wake mpya,
ambao bado una ganzi, bado ni kama wa mtu mwingine.
"Sikutoa chake," akasema. "Nilitoa changu."

Nikanyamaza.
Mimi ndiye niliyewachapisha wote wawili
gizani, katika maji yale yale,
nikaona nyuso zikipanda karatasini taratibu.
Kilikuwa kimoja.

Na nani alimwambia kwanza?
Alikuwa na miaka kumi na minane, sare ya shule, soksi moja imeshuka,
hajajua kuwa ana kidevu.
Nilimwambia mimi.

Akaketi. Nikavuta pazia, nikawasha taa,
maneno yangu mawili yakagoma kooni.
Hakuyangoja. Kidevu kikapanda chenyewe kwa mazoea,
juu, juu zaidi, hadi nikaona kitundu
na vilio la damu linalogeuka manjano pembeni yake.

"Shusha," nikasema.
Akanitazama.
"Shusha kidogo."
Ikabidi nirudie.